Mama Nifinye

Zahanati ile ilikuwa na madaktari wawili, wauguzi wasiotosha, mizani iliyomwongezea kila mtu uzito bila ubaguzi, na mkono mmoja. Mkono huo ulikuwa wa mkalimani. Ulikuwa wa kushoto, wenye nyama ya kutosha, na kazi yake ilikuwa kufinywa, kuminywa, kugongwa na kusokotwa na watu wasiouhusu, kuanzia asubuhi mpaka jioni.

Mwenye mkono alifika kabla ya daktari. Akafuta meza ambayo mfagizi alikwisha kuifuta, akavuta kiti chake cha plastiki akakiweka kati ya meza na kitanda cha kupimia, akakunja mkono wa gauni mpaka juu ya kiwiko, akaitazama foleni kupitia pazia la mlango kama mtu anayetazama sufuria yake mwenyewe jikoni. Foleni ilimpenda na kumwogopa kwa kiasi kinachofaa. Walimwita Mama Nifinye. Hakulipenda jina hilo wala hakulikataa, maana jina ulilopewa na wagonjwa huna pa kulirudishia.

Kabla ya hapo alikuwa mwalimu wa Kiingereza shule ya msingi, na huko nako aliacha sifa. Swali lake lilikuwa moja: tofauti yake nini? Mtoto akisema maneno haya mawili ya Kiingereza ni sawasawa, mwalimu aliweka chaki chini. Kwake yeye maneno hayana mapacha, yana ndugu tu, na ndugu wakivaa suruali moja lazima mmoja itambana. "Look" na "see" alizifundisha kwa kumtaja mumewe. Baba yenu huyo, aliwaambia, husimama mbele ya kabati la jikoni akatazama, akatazama, na chumvi iko mbele ya pua yake. Hapo anatazama, ila haoni. Watoto wakacheka, na hakuna aliyekosea maneno hayo mawili tena maisha yake yote.

Zahanati ilipoanza kupokea madaktari wa kigeni, waliokuja na Kiingereza chao wakati wagonjwa wana Kiswahili chao, waliajiri kwanza kijana mmoja mwenye ulimi mwepesi. Ulimi mwepesi ni mali, lakini si kila mahali. Kwa kijana yule binadamu wote walikuwa na ugonjwa mmoja. Mgonjwa akisema tumbo linasokota, yeye alimwambia daktari "pain". Akisema koo linakereketa, "pain". Jino linapwita, "pain". Siku aliyojimaliza ni ile daktari alipomwambia mjane mmoja "I am sorry", akimaanisha pole, mama, kwa yaliyokufika. Kijana akageuka akasema daktari anaomba msamaha. Ndugu wa marehemu wakainuka wote. Anaomba msamaha wa nini? Amemfanya nini mtu wetu? Ilichukua alasiri nzima kuwakalisha. Kijana akaenda kuuza simu, na nasikia anafanya vizuri sana huko, kila mtu na mahali pake.

Ndipo akaja mwalimu. Wiki yake ya kwanza akaletwa bibi kizee aliyepungukiwa maneno. Si kwamba hakuwa na akili. Alikuwa na akili kuliko sisi wote, ila maumivu yalikuwa yamemla mdomo. Kila akiulizwa linauma vipi, alisema, "Linauma tu, mwanangu, linauma." Mwalimu akamsogelea, akamwinamia, na bibi kwa kukata tamaa akamshika mkono wa kushoto kwa viganja viwili, akausokota kama anayekamua nguo iliyofuliwa, akaachia, akasubiri, akausokota tena. Mwalimu akamgeukia daktari, machozi yakimlengalenga, akampa maneno mawili kamili ya Kiingereza: kunasokota, na kunakuja kwa mawimbi. Daktari akajua pa kuanzia. Tangu siku hiyo mkono ule haukupumzika.

"Usiniambie kwanza," aliwaambia wagonjwa. "Nifinye mimi kama kinavyokufinya wewe."

Nao wakamfinya. Wengine walifanya hivyo kwa aibu, kwa ncha za kucha. Wengine walifanya kwa bidii mno, hasa wanawake waliokuwa wameachiwa na waume zao vitu vingi vya kusema. Yeye alitulia, macho ameyafumba kidogo, akausikiliza mkono wake. Kiganja kikikaa pale pale kizito kizito bila kuondoka, hiyo ni "ache", maumivu yaliyohamia na virago vyake. Ncha ya kidole ikichoma na kutoka, hiyo ni nyingine, ni kichomi. Mgonjwa akimgusa polepole huku akikunja uso yeye mwenyewe, basi ni "sore", kile kinacholala mpaka kiguswe. Aliyesema panawasha aliulizwa: panawasha kama upupu au panawasha kama pilipili? Maana Kiswahili kimeyaweka yote mawili chumba kimoja, na Kiingereza kimeyapangishia nyumba mbili, na dawa zake hazifanani hata kidogo. Na aliyesema mguu wake umekufa ganzi aliombwa aoneshe kama mguu hausikii kabisa, au kama kuna sisimizi wanatembea ndani.

Daktari naye hakusamehewa. Daktari wa wakati ule alikuwa binti mrefu, mcheshi, aliyejifunza neno "pole" siku ya kwanza akalipenda sana, akalitumia hata kwa mtu aliyefika kumletea barua. Akiuliza swali lenye neno la mashaka, mkalimani alimnyooshea mkono juu ya meza, kimya. Daktari alielewa. Aliuminya, au aliugonga, au aliupapasa, mpaka mkalimani akaridhika kwamba swali litakalovuka kwenda upande wa pili ni lile lile lililotoka upande huu. Kazi ilikwenda polepole. Foleni ililalamika. Lakini hakuna aliyetoka mle akiwa na dawa ya mtu mwingine.

Nyumbani mumewe alikuwa fundi saa, mtu mpole anayesema baada ya kufikiri na anayefikiri baada ya kula. Jioni aliushika mkono ule akauchunguza alama zake chini ya taa yake ya kazi.

"Leo wamekuchoma?"

"Mmoja. Wengine wameminya tu."

"Mkono wa serikali huu," alisema mumewe. "Siku moja watakuja kuudai."

Mtu aliyemtania zaidi hakuwa mume bali mdogo wake mume, shemeji yake, fundi makochi. Huyo alikuwa na karakana ya mabati mtaa wa pili, imejaa sponji, misumari na makochi ya watu walioambiwa njoo kesho. Mafundi wana kalenda yao, na kesho yao haijawahi kupambazuka. Alikuwa mnene, mwenye sauti ya kufika kabla yake, na kati yake na shemeji yake hapakupita siku bila mishale. Yeye alimwita Profesa wa Kufinywa. Mkalimani akamwita Bwana Kesho. Wakikutana mezani mume aliinamia sahani yake akala kwa amani, kwa kuwa hapo hakuna aliyehitaji maneno yake.

Mwishoni mwa wiki moja Bwana Kesho alikuja kuwahamishia kabati la nguo kutoka chumba cha mbele kwenda cha nyuma. Kabati lilikuwa la mbao ngumu, la urithi, na kaka yake mgongo haukuruhusu. Alilibeba na fundi mwenzake, akilitukana njia nzima. Walipolitua alikaa juu ya kitanda, akashika ukuta, jasho linamtiririka.

"Shemeji," alisema, "humu ndani mmeweka nguo au mmezika watu?"

"Umezeeka, sema ukweli."

"Mimi? Nikizeeka mimi, kaka yangu atakuwa sanamu la makumbusho."

Wakacheka. Akanywa chai vikombe viwili akaenda zake. Nalitaja kabati hili kwa sababu siku ya tatu yake lilikwenda zahanati, ingawa lilibaki nyumbani.

Siku hiyo foleni ilikuwa imefika hadi kwenye bomba la nje. Mkalimani alikuwa katika siku zake nzuri, zile ambazo maneno yanakuja yenyewe kabla ya kuitwa. Alikuwa amemaliza mtoto mwenye sikio, mama mwenye kiungulia, na mzee aliyedai hana tatizo lolote ila mkewe ndiye aliyemleta. Pazia likafunuka, sauti ikaingia, kisha shemeji.

"Profesa, nimekuja kusoma kwako," alisema, akageukia foleni nyuma yake. "Jamani, mkinisikia nalia, ni mimi nimefinywa, si yeye."

Foleni ikaangua kicheko. Mkalimani alitaka kucheka akajizuia. Kazini alikuwa mtu mwingine, na huyu bwana hakuwa akijua mpaka wa mahali. Akamwonesha kitanda kwa kidevu.

"Kaa. Una nini?"

"Bega. Na mkono huu wa kushoto umechoka tangu juzi, umekuwa mzito kama si wangu. Ni lile kabati lenu lenye maiti."

Hapo ndipo ilipotakiwa anyooshe mkono. Alimnyooshea kila mtu. Alimnyooshea mwizi wa kuku aliyeletwa na pingu. Lakini huyu alikuwa shemeji yake, na foleni nzima ilikuwa imetega masikio nyuma ya pazia ikingojea utani, na akimpa mkono atamfinya kwa makusudi, na kesho mtaa mzima utasimuliwa. Zaidi ya hayo, alikwisha kujua. Kabati aliliona kwa macho yake likibebwa. Mazoea yana taabu, na taabu yake kubwa ni kwamba hayaji na sura ya taabu.

Akamgeukia daktari akasema kwa Kiingereza kilichonyooka kwamba mgonjwa ana bega "sore" na mkono uliochoka, na akaongeza, bila kuulizwa na mtu, kwamba juzi alibeba kabati zito, yeye mwenyewe alikuwepo.

Mkalimani haongezi chumvi wala hapunguzi. Hiyo ilikuwa sheria yake, aliyowahubiria wengine, na siku hiyo alitia kiganja kizima.

Daktari akaandika. Akampima presha, akaliminya bega, akaliinua. Shemeji akatoa mlio wa kuchekesha, wa kuifurahisha foleni. Kisha daktari, kwa kuwa alifundishwa vizuri, akauliza swali moja zaidi. Aliuliza kama mgonjwa amesikia "discomfort" yoyote kifuani.

Neno hilo mkalimani alilijua vizuri. Angelikuwa darasani angesimamisha somo kwa ajili yake. "Pain" ni maumivu. "Discomfort" ni kile ambacho mtu haiti maumivu, ila hakai nacho vizuri: kubanwa, kulemewa, kitu kisicho mahali pake. Daktari alilichagua kwa makusudi. Lakini neno hilo halina kiti kimoja katika Kiswahili, lazima ulizunguke, na kulizunguka kunataka muda na mkono. Yeye akashika njia fupi.

"Kifua kinauma?"

"Hakiumi," alisema shemeji, na alikuwa akisema kweli tupu. "Kingeuma ningemwambia kaka yangu anitengenezee, si ana vibisibisi vidogo?"

Mkalimani akamwambia daktari, hapana. Daktari akamwandikia dawa ya kupaka na vidonge vya maumivu, akamwambia asinyanyue vitu vizito, akamalizia na "pole" yake. Shemeji akashuka kitandani, akaiinamia foleni kama mwigizaji aliyemaliza mchezo, akatoka.

Wakafuata wengine. Mwanamke mwenye kidole kilichobanwa na mlango aliubana mkono wa mkalimani kwa uaminifu mkubwa. Kijana mwenye kichwa aliugonga kwa kifundo cha kidole, taratibu, kama anayebisha hodi, na mkalimani akampa daktari neno sahihi. Alikuwa tena katika siku zake nzuri. Lakini kitu kidogo kilikuwa kimemkaa, na kwa kuwa yeye ni yeye, alijiuliza njia fupi na kukosea, tofauti yake nini? Akajiambia hakukosea. Ni kabati kweli.

Wakati wa chai alitoka na kikombe chake kwenye baraza ya nyuma, na pale, kwenye ukuta mfupi karibu na bomba, akamkuta shemeji amekaa. Alipaswa kuwa karakanani zamani. Dawa ilikuwa mapajani, haijafunguliwa. Alikuwa akitazama ngazi chache zinazopanda kwenda lango la nyuma.

"Bado uko hapa? Makochi ya watu yanakungoja."

"Ngazi hizi mmezijengea maadui," alisema. Sauti ilikuwa ile ile, ila ilikuja polepole. "Napumzika kidogo. Halafu, shemeji, nina malalamiko."

"Yapeleke kwa mkubwa wa zahanati."

"Mwizi wa kuku ulimpa mkono. Niliambiwa. Mimi, niliyewabebea marehemu wenu, ukaninyima. Kwa nini?"

Aliuliza kwa utani, lakini ndani ya utani palikuwa na mtu. Mkalimani akamsikia. Akaweka kikombe juu ya ukuta, akakunja tena mkono wa gauni uliokuwa umeshuka, akamnyooshea.

"Haya, fanya. Upate la kumsimulia kaka yako. Ukiniumiza, na mimi nina kucha."

Alijiandaa kufinywa, hata meno aliyauma. Shemeji hakufinya. Aliutazama ule mkono kama hajui auanzie wapi, kisha akalaza kiganja chake chote juu yake, kiganja kipana cha fundi, kimejaa gundi kavu. Akakandamiza. Hakuachia. Akaweka na kiganja cha pili juu ya cha kwanza, akaegemea, akauegemea kwa uzito wa mwili wake, mkono wa mkalimani ukakaa juu ya ukuta wa saruji kama kitu kilichowekewa jiwe. Na bado hakuachia.

"Hivi," alisema.

"Begani?"

"Bega ni baadaye. Kunaanzia hapa." Aliondoa kiganja kimoja akakiweka katikati ya kifua chake. "Nikipanda ngazi. Nikikaa kunaondoka. Leo nimekaa hakujaondoka vizuri."

"Nimekuuliza kama kifua kinauma. Ukasema hakiumi."

"Hakiumi, shemeji. Mbona nilikujibu. Kimekaliwa tu."

Alikuwa na jasho juu ya mdomo, na kivuli kilikuwa baridi pale. Mkalimani aliona jasho lile, akaliona na la siku ya kabati, lililotiririka mtu akiwa ameshika ukuta, na akajua kwamba siku ile yeye ndiye aliyetazama asione.

Hakupiga kelele. Alimwambia asisimame, akaita wauguzi kwa sauti ile ya zamani ya darasani, na wakaja na kiti cha magurudumu wakikimbia kwa sababu hawakuwahi kumsikia akiita hivyo. Foleni ilimwona akipita, ikataka kulalamika, ikamwangalia usoni, ikasogeza miguu. Shemeji alianza kusema neno kwa foleni, neno la kuchekesha bila shaka, lakini halikutoka.

Daktari alikuwa na mgonjwa mwingine. Mkalimani aliingia bila kubisha hodi, na kwa mara ya kwanza tangu aajiriwe akakosa neno la kuanzia. Kwa hiyo hakusema. Aliushika mkono wa daktari uliokuwa juu ya meza, akalaza kiganja chake juu yake, akaweka cha pili, akauegemea kwa uzito wake wote, wala hakuachia. Halafu akaweka kiganja katikati ya kifua chake mwenyewe, akaelekeza mlangoni.

Daktari alikwisha kusimama.

Mashine ya kupima moyo ilivuliwa kitambaa chake. Wakambandika nyaya kifuani, karatasi ikaanza kutoka na milima yake, daktari akaisoma ikiwa bado inatoka. Akampa kidonge cha kutafuna, akaagiza gari la wagonjwa, akazungumza kwa simu na hospitali kubwa kwa sauti tulivu na ya haraka. Moyo unabanwa, alimweleza mkalimani, damu haipiti panapotakiwa. Si misuli. Kabati limechokoza tu kitu kilichokuwapo.

"Uliuliza 'discomfort'," mkalimani alisema. "Mimi nikampa 'pain'. Nilijua tofauti yake. Nilimwona ni ndugu, nikaona najua. Kosa ni langu, liandike."

Daktari alimtazama. Alikuwa binti mdogo, lakini wakati ule hakuonekana mdogo.

"Na mimi sikuona mkono wako mezani," alisema, "na sikuuliza uko wapi. Tuandike wote wawili. Sasa nenda naye, atakuhitaji huko."

Mwalimu mzima alipanda gari la wagonjwa akakaa kwenye kibenchi, akamshika shemeji yake mkono njia yote. King'ora kilikuwa kikilia. Aliogopa. Nalisema wazi, kwa sababu watu wa mtaa humsimulia kana kwamba hakuogopa: aliogopa kiasi cha kusahau miwani yake iko shingoni, akaitafuta kwenye mkoba. Mume alipompigia simu aliuliza jambo moja tu, baada ya kufikiri.

"Ni kabati?"

"Si kabati," alisema. "Ni moyo. Na nusura nimuue mimi."

Mume alikata simu. Alikuja hospitali na viatu viwili visivyofanana.

Walimpeleka moja kwa moja chumba cha matibabu. Waganga wa huko walifanya yao, na mmoja wao alipotoka aliwaambia kwamba mgonjwa ameletwa kwa wakati. Akauliza ni nani aliyeshuku mapema. Mkalimani akasema si mapema.

Asubuhi iliyofuata alikuwa zahanati kabla ya mfagizi. Kuna waliodhani atajificha, au ataacha kazi, au ataanza kuongea kwa sauti ndogo. Hawakumjua. Mtu mwenye kazi akikosea hukosea kama mtu mwenye kazi, na kesho yake huamkia kazini. Alikunja mikono yote miwili ya gauni, wa kushoto na wa kulia. Wa kushoto ulikuwa na alama ya bluu karibu na kifundo, pana, ya ukingo wa ukuta wa saruji. Wa kulia aliuweka mezani upande wa daktari.

"Huu ni wa maswali," alimwambia. "Ule ni wa majibu. Hakuna neno linalopita bila mkono, hata akija mama yangu mzazi."

Na mtu wa kwanza aliyemwona ana aibu ya kumfinya, alimwambia yaliyompata yeye na shemeji yake. Aliwaambia wote, na hakulifanya fupi. Foleni ikawa ndefu kuliko zamani, na malalamiko yakapungua.

Siku waliporuhusiwa kumwona shemeji, alikuwa amelazwa karibu na dirisha, mabomba yamepungua, uso umepungua pia. Mume alisimama upande wa miguu, akaushika mguu wa mdogo wake juu ya shuka, akakaa hivyo. Mkalimani akavuta kiti. Alikuwa ameandaa maneno. Mwalimu haendi mahali bila kuandaa. Alitaka kusema samahani, si pole, kwa kuwa yeye kuliko mtu yeyote alijua tofauti yake.

"Shemeji," alianza, "siku ile nili..."

"Nipe mkono," alisema Bwana Kesho.

"Nisikilize kwanza."

"Sikusikilizi. Mwizi wa kuku alipewa bila hotuba. Nipe mkono."

Akampa ule wa kushoto, wenye alama. Shemeji aliiona alama, akajua ni ya nani. Kisha akainua kiganja chake, sasa hakina gundi, wauguzi walikuwa wamekisugua, akakilaza juu ya mkono wa shemeji yake. Mkalimani alifumba macho kidogo kama kawaida yake. Alisubiri kifinye, kiminye, kisokote. Kiganja kilikaa tu, hakina uzito wowote.

"Sasa hivi ni hivi," alisema. "Kwa Kiingereza kunaitwaje?"

Alikuwa na maneno. Yalimjia yote pamoja, neno la aliyetua mzigo, la aliyepata nafuu, la aliyelala vizuri, na kila moja lilikuwa na tofauti yake, na angeweza kuzieleza moja moja mpaka jioni. Alifungua mdomo. Machozi yakatangulia, mengi, akayaacha yatoke mbele ya mumewe na mbele ya mgonjwa.

"Kesho," alisema. "Nitakuambia kesho."

Shemeji akacheka polepole, kama alivyoruhusiwa na daktari, na hakuondoa kiganja chake.